Maiki Zilizoelekezwa kwa Watu

Ile sauti ya mwanamke anayepiga kelele "Sandali yangu!" katika albamu ya bendi ya Gerobak Besi, kabla tu watu hawajaanza kuimba wenyewe, ni sauti yangu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimelificha. Lakini habari yenyewe si yangu. Ni ya jirani yangu Murtiningsih, ambaye mtaa mzima tunamwita Murti.

Mimi nauza soto hapa Surabaya, supu ya kuku yenye manjano na limau, na kibanda changu kinatazamana na karakana yake. Karakana ni chumba kimoja kilichojaa spika za misikiti, zile za chuma zenye midomo mipana zinazofungwa juu ya mnara. Kazi hiyo alirithi kwa baba yake, Pak Darmaji, na namna alivyoirithi ndiyo ya ajabu. Murti alipokuwa na miaka saba alishikwa na matubwitubwi, homa ikampanda siku nne, na ilipomwachia, sikio la kushoto likawa limekufa. Mama yake alilia mwezi mzima. Baba yake alianza tu kumchukua kila anakokwenda, akampandisha minarani, akamshikisha bisibisi.

Mtu mwenye sikio moja husikia, lakini hajui sauti inatoka wapi. Ukimwita Murti njiani, huzunguka mzima mzima akikutafuta. Tulipokuwa watoto tulijificha nyuma ya ukuta, tukamwita, tukamwangalia akizunguka kama pia, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nami nilikuwamo. Sijivunii.

Kwa sababu hiyo hakuwahi kuamini kusikiliza akiwa amesimama mahali pamoja. Mafundi wengine wakiitwa msikitini huongeza sauti, wakaenda zao. Murti humweka mtu asome kwenye maiki, kisha yeye hutembea mtaa mzima na daftari, kichochoro kwa kichochoro, akisimama, akiandika. Akirudi, hupunguza sauti na kuzigeuza spika. Kazi ya siku moja humchukua siku tatu. Aliolewa, akaachika bila ugomvi, akarudi kwenye karakana ya baba yake, na alipofika miaka arobaini tulishajua kwamba maisha yake ndiyo hayo: ngazi, daftari, na bakuli la soto saa sita mchana.

Saa sita moja kama hiyo, mwanamume mnene mwenye miwani aliingia kibandani kwangu akaketi karibu naye. Nilimtambua mara moja, kijiko kikaniponyoka. Alikuwa Cak Wiji, yaani Kaka Wiji, mpiga gitaa la besi wa Gerobak Besi.

Jina hilo maana yake ni Mkokoteni wa Chuma. Walianza wakiwa vijana wanne wa karakana za bandarini, wanapiga roki ya kelele kwa magitaa ya kuazima, na leo hakuna mtu wa Jawa Mashariki asiyejua angalau nyimbo zao tatu. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo walimpoteza mpiga dramu wao, Prapto, kwa ugonjwa wa figo. Wengi walidhani bendi imekwisha. Sasa, kwa mpiga dramu wa kuazima, walikuwa wameamua kufanya tamasha moja kubwa katika uwanja wa mpira wa zamani, wairekodi albamu palepale mbele ya watu na kutengeneza filamu.

"Mbak Murti," Cak Wiji alisema, akimwita dada kwa heshima, "una kazi Jumamosi?"

"Nina msikiti wa Kenjeran."

"Uahirishe."

"Nimwambie Mungu asubiri, Cak?"

Cak Wiji alicheka, akavuta bakuli la karibu, ambalo wala halikuwa lake. "Mtu wetu wa kurekodi watazamaji ameshikwa na homa ya matumbo. Nataka maiki kumi na nne. Hazitazami bendi, zinatazama watu."

"Watu wanafanya nini?"

"Wanaimba! Hujawahi kuja kwenye tamasha letu hata siku moja?"

"Sina sikio la kuchezea, Cak. Ninalo moja tu."

"Najua. Sikiliza. Mama yangu kwa miaka kumi alikuwa haelewi mahubiri ya Ijumaa, anasikia ngurumo tu. Wewe ukaja ukageuza spika zenu zile. Sasa anamsahihisha imamu."

Murti alichukua limau, akalikamua kwenye supu yake. Alikamua mpaka lilipokauka. Kisha akauliza uwanja una milango mingapi.

Mkuu wa sauti alikuwa ametoka Jakarta, Pak Roland, mtu mrefu, mwenye haraka, anayetembea na redio ya mkononi kama askari. Tulimkuta katikati ya uwanja, nami nilikuwapo kwa sababu nilipewa kazi ya kuwapikia mafundi. Cak Wiji alimtambulisha Murti. Pak Roland alimpa mkono, kisha akamvuta Wiji pembeni, akanong'ona upande wa kushoto wa Murti. Yeye hakusikia. Mimi nilisikia.

"Cak, umeniletea kiziwi anirekodie filamu?"

Nilimweleza Murti tulipokuwa tunapanda ngazi za jukwaa la watazamaji, kwa sababu nilidhani ana haki ya kujua. Alipanda vidato viwili vitatu. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nusu kiziwi," alisema mwishowe. "Mwambie asitie chumvi."

Siku tatu tulizunguka uwanja ule. Nilipiga makofi jukwaa kwa jukwaa mpaka viganja vikavimba, naye akisimama mbali, sikio zima limenielekea, anaandika. Mchoro wa Pak Roland ulikuwa umeweka maiki zote karibu na steji. Murti alizichukua saba akazipeleka upande wa mashariki na nyuma kabisa, chini ya paa la bati lenye kutu, kwa watu wa kusimama.

"Kule kuna nini?" Pak Roland alimwuliza.

"Kuna bati, Pak. Linarudisha sauti vizuri. Na wenye tiketi za chini ndio wanaoimba. Wa viti vya mbele wanapiga picha."

Alitengeneza pia vifuniko vya maiki kwa makumbi ya nazi, akayashona kwa mkono, ili tone la mvua likianguka livunjike humo bila kugonga. Mafundi wa Jakarta walizipiga picha. "Maiki zimevaa kofia za babu!" walisema. Mmoja aliuliza kama zinauzwa kwa jozi. Murti aliendelea kushona.

Jumamosi mlango ulifunguliwa saa saba, na saa tisa na nusu bendi ilipanda. Sitaki kudanganya kwamba naupenda muziki ule; ulinigonga kifuani kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Lakini watu! Walikuwa elfu thelathini, akina baba wenye vitambi na mabinti zao mabegani, wanaruka kwa pamoja mpaka zege likatetemeka. Cak Gandung, mwimbaji, ana miaka hamsini na mbili na sauti yake inakwaruza kama jiwe la kunolea. Aliimba kila wimbo waliomwomba isipokuwa mmoja, "Nyumbani kwa Njia ya Reli". Ule uliandikwa na Prapto, na ni Prapto mwenyewe aliyekuwa akiuimba, kutoka nyuma ya dramu zake. Tangu azikwe haukupigwa tena. Watu walijua, na walipoona ananyamaza hawakumsumbua.

Jioni ilipoingia Gandung aliinua mkono. "Jamani, Maghrib hiyo. Tupumzike kidogo. Msiibiane viatu."

Spika zikazimwa. Adhana zikaanza kusikika kutoka misikiti ya pembeni, mmoja baada ya mwingine, na uwanja ule wote uliokuwa ukinguruma ukakaa chini. Murti alikuwa na mashine yake ya kurekodi katika njia ya wachezaji, ile inayotokea uwanjani, visikilizio vimemfunika masikio. Redioni Pak Roland alisema, "Zimeni zote. Badilisheni betri na kadi. Dakika arobaini."

Mafundi wote wakazima. Murti alinyoosha kidole kwenye kitufe, kisha akakirudisha.

"Hukusikia?" nilimwuliza.

"Nimesikia. Sijawahi kugusa kitufe adhana ikisomwa, Mbak Tun. Itaisha, nitazima."

Adhana ziliisha. Na papo hapo mvua ikashuka, bila kunyunyiza kwanza, kama ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimesimama nje kidogo kuangalia watu. Nikakimbia, mguu ukazama kwenye tope karibu na maiki namba mbili, nikatoka bila kiatu. Ndipo nikapiga ile kelele yangu, ambayo leo iko kwenye magari na simu za watu kote Indonesia.

Baada ya hapo ilisikika mvua tu, na Murti akakisahau kitufe kwa kusikiliza kama makumbi yake yanafanya kazi. Halafu, mahali fulani, mtu mmoja akaanza.

"Mama, usifunge mlango, nakuja kwa miguu..."

Sauti ya mwanamume, ya kawaida kabisa, na aliuanzisha juu mno. Murti aliruka kitini. "Nani anaimba? Yuko wapi?"

Nilimwonyesha mashariki. Alitazama mashine. Kila maiki ilikuwa na taa yake ndogo ya kijani, na ya namba tisa, ile ya chini ya bati, ilikuwa inapanda. Kisha ikapanda ya nane. Ya kumi. Ya kumi na moja. Wimbo ulikuwa unazunguka uwanja, jukwaa likilirithisha jukwaa, na Murti alikuwa anauona ukitembea taa kwa taa mpaka zote kumi na nne zikawaka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Redio ikakohoa. "Nani hajazima?" aliuliza Pak Roland.

Murti akaachia meza, akachukua redio. "Mimi, Pak."

Redio ikapiga kelele. "Usizime! Usiguse kitu! Usipumue!"

Nilichungulia nje. Gandung alikuwa ametoka nyuma ya steji, amevaa msuli aliosali nao, taulo mabegani. Hakuwa na maiki. Alisogea mpaka kwenye dramu, akaketi kwenye kidato cha kupandia, akawasikiliza watu elfu thelathini wakiimba wimbo wa rafiki yake gizani na mvuani, wakikosea mapigo, upande mmoja ukitangulia na mwingine ukibaki nyuma. Hakuimba hata neno. Juu ya mnara wa taa nyuma ya steji kulikuwa na mpiga picha mwenye goti bovu, ambaye hakuona haja ya kuteremka ngazi zote zile kwa dakika arobaini. Ndiyo maana mgongo wa Gandung upo kwenye filamu.

Ulipokwisha, watu walijipigia makofi wenyewe. Murti alizima mashine, akavua visikilizio, akaniuliza kama nimekipata kiatu changu.

Wiki ya tatu tuliitwa studio. Pak Roland aliwafungulia ule wimbo bendi nzima. Ulipokwisha, Cak Wiji alikuwa anapangusa miwani, na Gandung akatikisa kichwa.

"Hautoki."

"Cak Gandung," Pak Roland alisema kwa upole, jambo ambalo sikujua analiweza, "nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Sijawahi kupata kitu kama hiki."

"Hautoki. Siku ya mazishi nilimwahidi mama yake Prapto, Bu Kasiyem, kwamba wimbo huo sitaugusa. Jirani aliufungulia redioni, mama wa watu akaanguka jikoni."

"Lakini hukuuimba wewe," Murti alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimjibu mtu mkubwa bila kuulizwa. "Mwenye kukataa ni yeye. Aulizwe."

"Utamwuliza wewe?"

"Nitamwuliza."

Basi tukaenda Sidoarjo, yeye, Cak Wiji na mimi. Mimi nilikwenda kwa sababu Murti aliniomba, na kwa sababu mimi ni mbea. Bu Kasiyem anakaa nyumba ndogo kando ya reli, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho makali. Alitupa chai na ndizi za kukaanga, akamwambia Wiji amenenepa mpaka anatia aibu, na baada ya hayo akauliza tumefuata nini.

Murti alimweleza yote bila kuzunguka. Hakusema ni wimbo mzuri, wala hakusema utauzika. Alisema, "Watu waliuimba bila kuambiwa, Bu. Mimi nilikuwa nimewawekea maiki. Ukitaka usikie, nimekuja nao. Ukikataa, naufuta mbele yako, na hakuna mwenye nakala nyingine." Hilo lilikuwa kweli, Gandung ndiye aliyemkabidhi nakala ile moja.

Bu Kasiyem aliweka kikombe chake mezani. Treni ilipita, vikombe vikalia juu ya meza. "Weka," alisema.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono kwenye mapaja. Nilimwangalia Cak Wiji. Alikuwa amejiandaa kumdaka. Ilipofika kelele yangu ya sandali, mama aliinua uso ghafla.

"Huyo nani?"

"Ni mimi, Bu," nikasema. Nilitamani ardhi inimeze.

Alinitazama, akarudi kwenye wimbo. Machozi yalimtoka lakini hakuyafuta, na hakuanguka. Ulipokwisha aliuliza, "Aliyeanza ni nani?"

"Hatumjui, Bu," Murti akasema. "Tumetafuta. Wamejitokeza watu sabini, kila mmoja anasema ni yeye."

Bu Kasiyem akatoa sauti kama kicheko. "Wanaimba vibaya."

"Ndiyo, Bu."

"Prapto naye alikuwa anaimba vibaya. Nilimwambia kila siku." Alijipangusa sasa, kwa pembe ya kilemba. "Nilidhani amebaki kwangu tu, mimi mzee, na nikifa amekwisha. Kumbe wako naye wengi hivi. Utoeni. Ila msiwasafishe. Mkiwanyoosha mapigo nitajua."

Njiani kurudi Cak Wiji alilazimika kusimamisha gari mara mbili ili apanguse macho.

Albamu ilitoka mwezi wa Novemba, na filamu ikaonyeshwa siku hiyohiyo katika sinema kubwa ya mjini. Tulikaa safu ya tatu, Bu Kasiyem katikati, amevaa kebaya ya kijani, ile blauzi ya sherehe. Pak Roland alikuwa amepanga sauti za Murti kuzunguka ukumbi, kila maiki upande wake kama ilivyokuwa uwanjani. Alikuwa amemweleza Murti mpango huo, na nilijua jambo moja limemkaa moyoni: kazi aliyoifanya kwa mikono yake, yeye ndiye mtu pekee ukumbini ambaye hataisikia. Kwake sauti zote zinatoka mahali pamoja. Alipoulizwa anaionaje, alijibu, "Iko sawa," kama mtu anayesifia nguo aliyoambiwa tu kwamba ni nyekundu.

Kisha mvua ikaanza kwenye pazia la sinema, nami nikapiga kelele yangu, watu wakacheka. Murti hakuwa anatazama pazia. Alikuwa amegeuka kitini, anawatazama watu.

"Mama, usifunge mlango..."

Mamia ya vichwa yaligeuka kwa wakati mmoja, upande wa kulia, nyuma, juu, kule ambako ukumbini palisimama badala ya mashariki ya uwanja. Watu walikuwa wanamtafuta mtu yule gizani. Wimbo ulipohamia jukwaa la pili vichwa vikaanza kuhama nao, taratibu. Murti alinishika mkono akanibana mpaka pete ikaniumiza.

"Umeona?" alisema, kwa sauti kubwa mno, kama kawaida yake mahali penye kelele. "Umeona, Mbak Tun? Wanajua iko wapi!"

Bu Kasiyem alimnyamazisha kwa kidole, kisha akakichukua kile kiganja kingine cha Murti, akakiweka kwenye paja lake mpaka mwisho. Majina yalipopita, jina la Murtiningsih binti Darmaji lilikuwa peke yake kwenye mstari wake. Pak Roland alisimama safu ya nyuma akapiga makofi kabla ya watu wote, huku akitafuta upande gani asimame ili Murti amsikie.

Miaka miwili imepita. Murti bado hupanda minara. Msikiti wa Kenjeran ulingoja wiki moja tu, na hakuna aliyelalamika. Lakini sasa watu humfuata kutoka mbali. Amerekodi kwaya ya kanisa Makassar, amerekodi mbio za fahali Madura, na Pak Roland hampi mtu mwingine kazi ya kurekodi watazamaji. Kila fundi aliyezicheka zile kofia za makumbi ana zake sasa. Gerobak Besi wamepata mpiga dramu mpya, msichana wa Malang mwenye mikono kama ya mfua chuma, na wanaandika nyimbo nyingine. Huo wa Prapto wanaupiga tena. Wanaanza tu gitaa, kisha wanawaachia watu.

Mwezi ujao Murti anakwenda Medan, uwanja mkubwa kuliko wa kwetu, kwa bendi ya vijana ambao hata majina yao sijawahi kuyasikia. Hajawahi kusafiri mbali hivyo, na ndege anaziogopa. Jana alinionyesha mchoro wa uwanja wenyewe, ameutia alama nyekundu kila mahali. Nilimwuliza za nini.

"Ni pa kuanzia," alisema. "Nikifika nitatembea."

Kisha akaomba soto nyingine, na limau mbili.